Upande wa Baba

Siku hizi kila mjamzito huulizwa kliniki ni tabia za upande gani zizimwe kwa mtoto wake. Kuzima huko hakuvuki kizazi: mtoto akikua akapata mimba, zilizozimwa huamka, naye huulizwa upya.

Ndeshi mwenyewe alizimiwa upande wa baba. Sababu hakuambiwa; mama yake, Bi Eliamani, hakumtaja marehemu mumewe ila kwa wema. Basi zamu yake ilipofika, Ndeshi alijibu kwamba hana cha kuzima.

Jumapili moja Bi Eliamani alikuja kula kwao. Mjukuu wake Kunda, mvulana wa miaka minne, alionja maharage, akaweka kijiko chini, akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikaanguka sakafuni. Kisha akamkazia mama yake macho, akasubiri.

“Wee Kunda!” Ndeshi alifoka.

Bi Eliamani aliinuka, akafunga madirisha, akavuta na mapazia, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Akamshika Ndeshi mkono.

“Mwombe radhi, mwanangu,” alinong'ona. “Mwambie chumvi haikutosha, kosa ni lako. Haraka.”