Kipande cha Chini

Siku waliyomtoa Mzee Waya nyumbani kwake, jeneza liligonga ubao ulioning'inia juu ya mlango. Kipande cha chini kilikatika kikaanguka. Wabebaji walisema samahani. Haikujulikana walikuwa wakimwambia nani. Mjane alikiokota, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akakisukuma uvunguni mwa kitanda.

Ubao huo aliuchora mumewe mwenyewe, enzi ambazo mtu akinunua kompyuta, mtaa mzima unakuja kumpa hongera. Kila Jumamosi watu walijaa sebuleni na mashine zao, huyu akimfungulia yule mafundo. Waliobaki sasa ni wawili: mwalimu mstaafu wa hesabu, na msusi mwenye saluni ya jirani.

"Shemeji, tukubali," mwalimu alisema. "Simu zimetumaliza. Mtu akikwama anaiuliza simu, inamjibu hapo hapo, wala haimnunii. Sisi tumebaki kunywa chai."

"Chai yenyewe ndiyo unayoifuata," msusi alisema. "Usitusingizie sote."

Mjane hakujua hata kuiwasha kompyuta. Alichojua ni kwamba Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo bado nyumba ilikuwa na ubishi, na ubishi wa mumewe ndio uliomfanya aolewe naye. Alimimina chai.

"Akija mgeni mmoja mwenye shida kabla mwezi haujaisha, tunaendelea," alisema. "Asipokuja, nauza meza, kila mtu abaki kwake."

Jumamosi ya mwisho walisikia hodi. Aliingia fundi rangi, chokaa kwenye kope, kofia mkononi.

"Nimepita hapo nje mara nyingi," alisema. "Niliona haya kuingia."

"Hapa hachekwi mtu," msusi alisema. "Huyu mwalimu aliwahi kuita fundi, kumbe hajachomeka waya."

"Hayo ya kale. Haya, kijana, ulianzaje?"

"Rafiki alinionyesha, nilipokosa kazi. Ilikuwa ya kupoteza muda tu."

"Ndivyo inavyoanza," mwalimu alisema.

"Baadaye ikawa mchana na usiku. Mke akachoka, akarudi kwao."

Msusi aliguna. "Si wewe wa kwanza. Wangu alilalamika mpaka akanyamaza mwenyewe."

"Sasa shida yako hasa ni ipi?" mwalimu aliuliza.

"Kuacha. Naacha Jumatatu, Alhamisi nimerudi."

Mwalimu alivua miwani. "Uache kwa nini, na ujana huo? Wewe njoo hapa, tukufundishe kutumia vizuri."

Fundi rangi aliikunja kofia yake. "Kwani nyinyi hamjaacha?"

"Mimi? Tangu nistaafu, kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso. Na huyu mama anatumia mpaka kazini, wateja wamejaa kwenye benchi."

Fundi rangi alitazama mvi za mwalimu, akatazama za msusi. Akavuta kiti karibu. Kilikuwa kiti cha marehemu; mjane alimsogezea kikombe.

"Basi, wazee wangu," alisema kwa upole, "tusaidiane."

Walimpigia makofi. Mwalimu alitangaza kwamba amekosea, kikundi bado kina kazi ya kufanya. Msusi alimkatia mgeni mkate, kipande kinene kuliko cha mwalimu, na mwalimu aliona.

Mjane ndiye aliyemsindikiza hadi nje.

"Asante, mama," fundi rangi alisema. "Kwingine wanafichaficha. Nyinyi mmeandika wazi juu ya mlango. Nina wenzangu kijiweni, nao wamechoka na sindano. Niwalete?"

Mjane aliinua macho. Herufi za mumewe, nzito, za bluu, zilikuwa hazijapauka: KIKUNDI CHA WATUMIAJI.

Alizisoma tena, polepole.

"Walete," alisema. "Ila waje na vikombe."

Siku hizi, kila Jumamosi, msusi huleta mabenchi ya saluni, na bado hayatoshi. Kipande kilichoandikwa WA KOMPYUTA kiko palepale uvunguni.