Dakika ya Sita

Kila Bi Mwanahawa alipotaka kumwona mjukuu wake akitembea, ilimbidi kwanza aitikie salamu. Video aliyotumiwa na mwanawe Idarusi ilikuwa ya dakika saba, na tano za mwanzo zilikuwa salamu tupu: zake, za mkewe, za majirani wa huko ugenini. Bi Mwanahawa aliziitikia zote kwa sauti.

"Mama, si uruke tu?" jirani yake Nasra alimwuliza.

"Niruke salamu ya mwanangu? Adabu gani hiyo?"

Nasra akacheka. Akaichukua simu, akaweka alama pale mtoto anapoinuka. "Haya, bonyeza hapa."

Mtoto akainuka, akapepesuka, akapiga hatua tatu, akaanguka kitako. Bi Mwanahawa akabonyeza tena. Na tena. Kufika mara ya kumi wote wawili walikuwa wakipiga vigelegele, na chai imefurika jikoni.

Nasra alipokimbilia jiko, Bi Mwanahawa akairudisha video mwanzo, kimyakimya.

"Shikamoo, mama," Idarusi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi, leo nilikuwa na haraka."

Kidole chake kilikuwa kimeshaielekea alama.