Nungunungu Aliyesifu Kitabu

Zamani wanyama walipokuwa wakiandika vitabu, msomaji wao mkubwa alikuwa Nungunungu, ambaye hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tausi alipoandika maisha yake, Nungunungu alimwambia, "Umejisifu mno, bwana. Hata mama yako hukumtaja." Riwaya ya Swala aliisema kuwa imeanza mbio ikachoka njiani. Alichokipenda ni kitabu cha safari za Kobe tu, na Kobe alikwisha kufa.

Wanyama wakamchukia, wakaacha kumwalika harusini, hata misibani. Aliyebaki kumtembelea ni shoga yake Kanga, aliyekuwa akiandika habari za makinda wake waliomezwa na nyoka. Alipomaliza, akamletea asome.

Kitabu kilikuwa kibovu. Kilijaa maneno makubwa makubwa, na makinda wenyewe hawakuonekana. Nungunungu akaogopa kumpoteza na huyu pia.

"Kizuri sana, shoga yangu," akasema. "Usibadilishe hata neno."

Kanga akaenda kukisoma mbele ya wanyama wote. Walicheka, hata alipofika pale nyoka alipoingia kiotani.

Akarudi, akasimama mlangoni kwa Nungunungu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tausi si chochote kwako, ukamwambia kweli. Mimi ukaniacha niwapeleke wanangu wakachekwe."

Kanga akaenda zake. Tangu hapo Nungunungu husoma peke yake, wala hakuna amwulizaye kitabu kikoje.