Zoezi la Kukamatwa

Kufikia saa kumi alasiri, Nduta muuza mboga alikuwa amekamatwa, Ngigi fundi viatu alikuwa amekamatwa, na ukumbi mzima wa kanisa ulikuwa ukicheka mpaka machozi.

Darasa la sheria lilikuwa la bure, kila Jumamosi, hapa Kayole ambako nyumba nyingi zilikuwa bado hazijaezekwa. Mwalimu alikuwa wakili Bedan, mtu mpole mwenye miwani, aliyekataa hata soda. Mwezi wa kwanza alifundisha mambo ya kodi ya nyumba na viwanja. Mwezi wa pili akaingia kwenye mambo ya polisi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka huo wa themanini na saba watu walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao kwa ajili ya karatasi moja tu ya kuisema serikali, na kila mtu alitaka kujua afanye nini siku mlango wake ukigongwa.

Selpher alitaka kujua kuliko wote. Nyuma ya pazia la chumba chake alikuwa amejificha Wekulo, mtoto wa mama yake mdogo, na Wekulo ndiye aliyekuwa akiziandika karatasi hizo. Makachero walikuwa wamekwisha kupekua nyumba za ndugu zake wote wa upande wa baba, hadi Bungoma. Upande wa mama walikuwa hawajaukumbuka. Wakimpata hatarudi, na Selpher hakujidanganya juu ya hilo.

Darasani kulikuwa na jambo moja tu la kumnyima raha, nalo ni bwana mmoja aitwaye Maingi. Alikaa karibu na mlango, viatu vinang'aa katika mtaa wa vumbi, hacheki na mtu, kazi yake kuandika.

"Dada, chunga mdomo," Ngigi alikuwa amemnong'oneza Selpher wiki iliyopita. "Huyo ni sanse, si bure."

Tangu siku hiyo, Selpher akimwona tu Maingi, aliona kachero.

Aliyeigiza polisi siku hiyo alikuwa Patrobas, aliyejitambulisha kama mlinzi wa kiwanda. Sauti ya kazi alikuwa nayo. Wakili aliwakumbusha sheria waliyojifunza: polisi akikuuliza, una haki ya kunyamaza mpaka upate wakili. Leo kila mtu angeitwa mbele aulizwe swali moja, lile lile kwa wote.

"Huyo mtu unayemficha yuko wapi?" Patrobas alikuwa amemngurumia Nduta.

"Mtu gani?" Nduta alishangaa. "Afande, chumba changu nikiingiza gunia la sukuma wiki, mimi nalala nje!"

Kicheko. Wakili alitikisa kichwa. "Umekosea, mama. Umejibu."

"Ni nani huyo?" Ngigi naye aliuliza zamu yake ilipofika. "Kama ni mama mkwe, mchukue, afande. Nauli nitalipa mimi."

Wakaendelea hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Hata Maingi aliitwa. Alimtazama Patrobas kwa muda, akasema kwa ukavu, "Mtu yupi unayemsema?" kisha akarudi kwenye kiti chake karibu na mlango. Watu kumi na watatu walipita mbele, na wote kumi na watatu wakashindwa.

"Kwani nimekuwa nikiwafundisha nini hapa?" alilalamika wakili. "Haya, tumalize. Dada Selpher."

Selpher alisimama, akaenda mbele. Kwa wengine lile lilikuwa swali la mchezo. Kwake lilikuwa swali analolisubiri kila usiku, sikio likiwa mlangoni. Aliwaza kikohozi cha Wekulo ambacho hata mto haukuweza kukizima. Pembeni akamwona Maingi ameacha kuandika na kumkazia macho.

"Huyo mtu unayemficha yuko wapi?"

Alivuta pumzi, akaikumbuka sheria neno kwa neno. "Nina haki ya kunyamaza. Sitajibu lolote mpaka niwe na wakili wangu."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nduta akapiga vigelegele. Wakili Bedan alivua miwani, akaifuta polepole, akamtazama Selpher kwa muda mrefu.

"Angalau mmoja amenielewa," alisema.

Selpher alirudi kukaa huku amejaa fahari. Kwa mara ya kwanza tangu Wekulo aje kwake, alijiona ana ukuta wa kuegemea.

Baada ya sala ya kufunga darasa watu walitawanyika, kila mmoja na shughuli zake. Maingi hakuondoka. Alimngoja Selpher mlangoni, akainama karibu na sikio lake.

"Dada, twende. Nitakusindikiza. Usibaki hapa."

Anataka kupajua nyumbani, Selpher alijiambia, na akashukuru kwamba alikuwa amekwisha kumshtukia.

"Tangulia tu," alimjibu. "Mimi bado nipo kidogo."

Maingi alimtazama, akatazama nyuma yake aliko wakili, akafungua kinywa, akakifumba. Kisha akaondoka kwa haraka bila kugeuka.

Selpher alisogea mbele. "Wakili, samahani. Yule mtu ananitia hofu. Naomba ningoje hapa mpaka aende zake."

"Ngoja tu, dada," alisema Bedan kwa upole wake ule ule. "Patrobas, funga mlango."

Patrobas alifunga kwa ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akageuka, akagonganisha visigino na kunyoosha mikono ubavuni.

"Tayari, afande," alimwambia Bedan.

Bedan alivuta kiti, akamwashiria Selpher akae.

"Watu kumi na watatu walituuliza ni mtu gani," alisema. "Wewe peke yako hukuuliza."