Pale pa Kisima

Wekoye alikuwa na maneno ya watu wanane kichwani, na hakuna hata neno moja lililokuwa lake.

Alikaa juu ya kreti ya soda, nyuma ya pazia la ukumbi wa Kitale, kitabu mapajani. Kazi yake ilikuwa kumnong'onezea mchezaji yeyote atakayesahau. Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani, hadithi ya binti anayeagana na mchumba wake kisimani, na wanafunzi wa sekondari walikuwa wamejaa tele kwa sababu mwaka huo wa themanini na saba kilikuwa cha mtihani.

Huyo mchumba alipaswa kuwa yeye. Miezi mitano walifanya mazoezi kwao Bungoma, yeye na Sellah, na Sellah hakuwa mchumba wake wa mchezo tu. Halafu kikaja kibali cha serikali. Huchezi bila kibali, kibali kina majina, na mwenye kupeleka majina ni Absalom, mwenyekiti wa kikundi. Karatasi iliporudi, jina la Wekoye lilikuwa limepigwa mstari, na juu yake limeandikwa la Festus, mtoto wa dada yake mwenyekiti, kijana anayetamka maneno kama mtu anayetafuna muwa.

"Asiye kwenye kibali haonekani jukwaani," Absalom alimwambia. "Sheria si yangu, bana. Wewe shika kitabu."

Ndivyo walivyo wenye vyeo. Mtu anakukata kwa mkono wake mwenyewe, halafu anakuonyesha sheria kana kwamba sheria ndiyo iliyoshika kalamu.

Wekoye akashika kitabu. Kule Misikhu, walikoanzia ziara, alimkumbusha Festus kwa sauti yake yote, na wanafunzi wakageuza shingo kumtafuta anayesema. Absalom akamfokea kwamba anong'one, asijifanye mchezaji. Walipofika Ndalu, hakuna aliyejua yupo.

Lakini kilichomuuma zaidi ni Amrit. Huyo alikuwa mtoto wa Madanlal, mwenye duka la vitambaa hapo Kitale, na siku hizi alikaa Nairobi akirekodi michezo ya redio. Alikuwa amekuja kwa baba yake wiki moja, na habari zikaenea kwamba anatafuta mchezaji mmoja wa kuondoka naye. Jumatatu, walipotumwa dukani kuchukua kitambaa cha pazia, Wekoye alimwona Sellah akimpa Amrit barua aliyoikunja ikawa ndogo kama kiberiti. Alipomuuliza, Sellah alisema hayo ni mambo yake.

"Kwa hivyo unaenda Nairobi," Wekoye alisema.

"Nikienda, tunaenda wawili."

"Mimi niende kama nani? Mbeba viti?"

Sellah alicheka, na Wekoye akamwacha hapo hapo.

Leo tena, kabla pazia halijafunguliwa, alimjia akiwa amejifunga leso yake ya mchezo.

"We Wekoye, leo usininong'onezee kama mtu ako na homa. Absalom achana na yeye. Ongea utoe sauti."

"Kwani wewe umewahi kusahau lini?"

Sellah alimnyoosha kola ya shati, akaenda. Wekoye akabaki akifikiri kwamba hata huyu sasa ameanza kumtuma kama mwenyekiti.

Mchezo ukaanza. Kupitia tundu la pazia, Wekoye alimwona Amrit kwenye kiti cha mwisho wa safu ya mbele, upande wa kreti yake, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Analala. Kwa nini asilale? Ameshachagua, anangoja tu kumbeba mtu wake.

Wakafika pale pa kisima. Sellah akaweka mtungi chini, akamshika Festus mkono.

"Ukienda," alisema, "ukienda, mimi..."

Akanyamaza.

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Wekoye, moto moto. Hapo hapo akaona jinsi Nairobi ingeweza kuishia hapa, ndani ya pumzi moja. Sellah angerudi Bungoma kama wengine wote. Wangeoana mahindi yakishavunwa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Sellah aligeuza uso kuelekea pazia. "Ukienda, mimi..."

Wekoye akafunga kitabu.

Miluzi ikaanza huko nyuma ya ukumbi. Festus akajikuna shingo. Sellah alirudia mara ya tatu, akangoja, akangoja mpaka macho yake yakajaa maji. Kisha akayasema maneno mwenyewe, yote, bila kukosa hata moja, akaupeleka mchezo mpaka mwisho.

Watu walipoanza kutoka, alipita kando ya kreti bila kumtazama. Wekoye alikuwa amemwandalia maneno ya kumfariji, lakini kabla hajayatoa, Amrit alitokea kando ya pazia, funguo za gari mkononi.

"Wewe ndio Wekoye?"

"Ndiyo mimi."

Amrit alimtazama kitambo, jinsi fundi anavyotazama redio iliyoungua ndani. Akatoa mfukoni ile barua ndogo, akaiweka juu ya kitabu.

"Rudishia huyo msichana," alisema. "Pole, ndugu."

Gari lilikuwa limeshaondoka Wekoye alipoikunjua. Mwandiko ulikuwa wa Sellah.

"Bwana Amrit, huyu mtu hutamwona, jina lake walilikata. Lakini tukifika pale pa kisima, mimi nitajifanya nimesahau. Wewe fumba macho, usikilize."