Nipo, Mheshimiwa

"Futa ulichoandika, uombe radhi, kesi iishe leo," wakili wa gazeti alimwambia Tunu mlangoni mwa mahakama.

"Mwanangu, kubali," baba yake alimsihi. "Watainadi nyumba yetu ili walipwe fidia."

Tunu alikuwa ameandika kwenye blogu yake kwamba gazeti lile, katika mgomo mzima wa kiwanda cha chai, lilimsikiliza mwenye kiwanda peke yake. Likamshtaki kwa kashfa.

"Unaomba radhi?" hakimu aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Niliandika kweli tupu."

"Hebu tusomee hiyo kweli yako."

Alisoma kwa sauti ndogo kutoka kwenye simu yake, mpaka akafika kwenye majina ya wafanyakazi ambao gazeti halikuwauliza neno.

"Hizza Shekiondo."

Baba yake alinyanyuka, kifua mbele, kama alivyozoea kila asubuhi wanapoitwa majina kiwandani.

"Nipo!"

"Mzee, kaa chini," askari alimkemea. Hakukaa.

Tunu aliendelea kusoma. Sauti yake ikapanda.

"Mwajabu Singano."

Kule nyuma kabisa, benchi lililia, mtu akinyanyuka.