Tundu la Kumi na Tisa

Asubuhi hiyo Zuwena alikuwa akikagua mtandao wa chuo alipoiona namba ya kompyuta ya mumewe. Makame alizama na feri miaka mitatu iliyopita, akiwa na kompyuta hiyo begani, na mwili wake haukupatikana.

"Shomari, hebu nisomee hii," alimwambia fundi mwenzake.

Shomari aliisoma tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa yenyewe. Kila kompyuta hupewa namba yake kiwandani, na kila furushi la data inalotuma huibeba namba hiyo. Hivyo ndivyo swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta zote za chuo, inavyojua ni kompyuta ipi iko kwenye tundu lipi. Ya Makame, Zuwena mwenyewe ndiye aliyeisajili.

"Iko tundu la kumi na tisa," Shomari alisema taratibu. "Chumba cha wahadhiri wageni. Dada, labda mtu aliiokota."

"Majini?"

Zuwena alipanda ngazi akijishika ukutani. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani, mtu alikuwa akichapa kwa vidole viwili, kama Makame, akisita, kisha akiendelea.

Zuwena alibisha. Uchapaji ukakoma.